VR kwa Wazee Wetu: Mwongozo Kamili wa Kuibuni, Kuirekodi na Kuiendesha

Uhalisia pepe, au VR kama wengi tunavyoiita, yaani teknolojia ya miwani inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji mahali pengine, umebuniwa na vijana wakijifikiria wao wenyewe. Unamchukulia mvaaji kuwa mtu asiyeyumba akisimama, mwenye shingo inayogeuka atakavyo, macho yanayosoma herufi ndogo na vidole vinavyotii. Bibi wa miaka 78 mwenye presha, magoti mabovu na mtoto wa jicho akivalishwa kifaa hicho bila matayarisho, kichwa kinamzunguka, anakivua, na nyumba nzima inakubaliana kwamba mambo haya si ya wazee. Mimi nakataa. Hakuna anayeihitaji teknolojia hii kuliko mtu asiyeweza tena kupanda ngazi, kuvuka kwa boti au kubanana kwenye daladala. Lililoharibika pale ni kazi yetu wabunifu.

Nitafuata mradi mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho: video ya nyuzi 360 (inayoonyesha pande zote), ya dakika nane hivi, inayomrudisha mzee Mji Mkongwe wa Zanzibar akiwa amekaa kitini. Ukitaka kumpeleka Lamu, Bagamoyo au Mombasa, hatua ni zilezile. Na tangu mwanzo shika hili: unabuni kwa ajili ya watu wawili. Yupo mzee aliyevaa miwani ya VR, na yupo msaidizi aliyekaa pembeni yake, awe mjukuu, muuguzi au mhudumu wa kituo. Programu nyingi humsahau huyu wa pili, na hapo ndipo vikao vinapoharibikia.

Hatua ya 1: Mjue mzee wako kabla ya kugusa kamera

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 na Katiba ya Kenya ya 2010 zote zinaanza kuhesabu uzee kwenye miaka 60. Kwa mbunifu namba hiyo haitoshi. Mvuvi wa miaka 66 anayevuta nyavu kila alfajiri na jirani yake wa umri uleule aliyepata kiharusi ni watumiaji wawili tofauti kabisa. Kaa na wazee wanne watano wa kundi unalolikusudia, uzungumze nao bila kifaa chochote mkononi. Uliza wanaona vipi, wanasikia vipi, shingo inageuka hadi wapi, mkono upi una nguvu, na mara ya mwisho walianguka lini. Swali la kuanguka usiliruke: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 waliofikisha miaka 65, kati ya 28 na 35 huanguka kila mwaka. Ndiyo maana katika mwongozo huu hakuna mahali hata pamoja ambapo mzee anatakiwa kusimama.

Yapo majibu yanayosimamisha kazi mpaka daktari atoe neno: kifafa, upasuaji wa jicho wa karibuni, kizunguzungu cha mara kwa mara, na kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo au kingine chochote kilichopandikizwa mwilini. Miwani hizi zina sumaku na hutoa mawimbi ya redio, na watengenezaji wenyewe wanaonya juu ya hilo. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau uliokwisha kumzidi anahitaji ridhaa ya familia pamoja na yake mwenyewe, kwa kuwa anaweza kuamini kwamba kweli amehamishwa.

Kisha uliza juu ya mahali penyewe. Kwa mgeni, Mji Mkongwe ni milango ya nakshi na bustani ya Forodhani. Kwa mtu aliyekuwa kijana mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, kona fulani inaweza kuwa ndipo alipomwona ndugu yake kwa mara ya mwisho. Muulize angependa kwenda wapi, halafu muulize ni wapi hataki kupaona. Swali hili la pili liulize mkiwa wawili tu, maana mbele za watu atakujibu kwa adabu na hutajua kitu.

Hatua ya 2: Kifaa na kiti

Miwani ya Meta Quest 2, iliyotoka mwaka 2020, inatosha kwa kazi hii na hupatikana iliyotumika kwa bei nafuu kuliko zilizofuata. Ina gramu 503, karibu nusu kilo inayoning'inia mbele ya uso, na mkanda wake wa kitambaa huukaza mzigo huo kwenye mashavu. Ubadilishe, uweke mkanda mgumu wenye betri kisogoni ili uzito ugawanyike. Viboksi vya karatasi vya kutia simu viache: vinamtaka mzee anyanyue mikono muda wote, na bega lenye baridi yabisi halitavumilia hata dakika mbili.

Umbali kati ya mboni za macho upime kwa rula kabla ya kumvalisha. Quest 2 ina nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68; Quest 3 ina gurudumu dogo la kurekebisha kidogo kidogo. Nafasi ikikosewa picha inakuwa na ukungu na macho yanauma, na mzee atadhani ni uzee wake. Kama anavaa miwani ya macho, abaki nayo, na uweke kile kipande cha plastiki kinachoongeza nafasi kati ya uso na lenzi.

Kiti kiwe na miguu minne, mikono ya kuegemea na mgongo ulionyooka. Wabunifu wengi hupendekeza kiti kinachozunguka ili mtu aone pande zote. Kwa mzee, hapana. Aliye kwenye kiti cha magurudumu abaki nacho, breki zikiwa zimefungwa.

Hatua ya 3: Rekodi kutoka barazani

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Macho ya mtu mzima aliyekaa huwa sentimita 115 hadi 120 kutoka sakafuni. Video nyingi za nyuzi 360 hurekodiwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, sentimita 160 hivi, na mvaaji aliyekaa anajikuta anaelea hewani, anaingiwa na woga asioweza kuueleza. Mji wa Waswahili umeshatupa jawabu: baraza la nje ya nyumba. Weka kamera barazani, pale ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kingekuwa, na kila kitu kinapatana. Mwili umekaa, picha imekaa. Watu wanapita mtaani kwa kimo wanachopita siku zote. Ukuta uko nyuma, kwa hiyo hakuna jambo muhimu linaloweza kutokea mgongoni mwake, na shingo haina sababu ya kugeuka sana.

Panga kila jambo la maana ndani ya nyuzi 45 kushoto na 45 kulia. Muuza kahawa apite kutoka upande mmoja kwenda mwingine taratibu, vikombe vikilia, ili macho yamfuate bila kukimbizana naye. Mtu atakayeisalimu kamera asimame mita mbili kutoka kwenye lenzi. Akisogea karibu zaidi ya mita moja na nusu picha hukatika pale picha za lenzi mbalimbali zinapounganishwa, na kwa mvaaji ni kama mtu amemvamia usoni.

Mzee atatazama chini. Kila mtu hutazama chini. Akikuta miguu ya kamera, au shimo jeusi mahali pa mapaja yake, atashtuka. Piga picha ya mkeka uliotandikwa, uibandike kwenye sehemu ya chini ya video wakati wa kuhariri.

Mwanga nao una mpangilio wake. Jicho la mzee huchelewa kuzoea giza, na lenye mtoto wa jicho hutawanya mwanga mkali mpaka kila kitu kinakuwa weupe mtupu. Usimtoe Forodhani saa sita mchana ukamtumbukiza ghafla kwenye ukumbi wenye kiza wa nyumba ya kale. Anza na mtaa wenye kivuli asubuhi, uende soko la Darajani kabla jua halijawa kali, umalizie Forodhani jioni mbele ya bahari. Kati ya kituo na kituo picha ififie polepole kwa sekunde mbili, ibaki kiza kidogo, kisha ifunguke.

Jengo la Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lina habari yake. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Mzee anayelikumbuka likiwa zima asiachwe akutane na hali hiyo peke yake ndani ya miwani. Ama liache nje ya picha, ama msaidizi amweleze mapema na kumuuliza kama angependa kuliona. Na ukirekodi kutoka roshani yoyote ya ghorofani, kaa nyuma ya ukingo mita mbili walau. Hofu ya kimo ndani ya VR ni hofu kamili, miguu inatetemeka kwelikweli.

Wapita njia waombe ruhusa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata kabla ya sheria hizo, mtu anayekunywa kahawa yake barazani ana haki ya kuulizwa.

Hatua ya 4: Kamera isitembee

Kichefuchefu cha VR huja pale macho yanapoona safari na sikio la ndani halihisi safari yoyote. Kwa wazee, ambao mizani ya mwili imeshadhoofika, mgongano huo huvuruga zaidi. Kwa hiyo usibebe kamera ukitembea, usiiweke kwenye bajaji, usiipandishe kwenye droni. Kama unajenga mandhari ya kompyuta badala ya video, mhamishe mzee kwa kufifisha picha na kumfungulia kituo kingine, na usimpe kijiti cha rimoti cha kujitembeza ndani ya picha. Hakikisha picha hazishuki chini ya fremu (picha moja moja) 72 kwa sekunde. Ikibidi punguza urembo wa majengo kuliko kupoteza fremu. Hapo hakuna zaidi.

Hatua ya 5: Maandishi machache, makubwa, mbele ya macho

Lenzi ya jicho huwa na umanjano kadiri miaka inavyokwenda, na buluu na kijani huanza kufanana. Tumia herufi za rangi ya maziwa au manjano juu ya kibao cheusi kisichopenyeza mandhari. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka utofauti wa mwanga wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na nyuma yake. Kwa wazee chukua kiwango cha juu, 7 kwa 1. Kitu chochote kisimemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde.

Kibao kikae mita mbili mbele, chini kidogo ya usawa wa macho, na herufi ziwe na urefu wa sentimita sita au saba. Kwenye simu ungesema ni makelele. Ndani ya Quest 2 ni saizi ya kusomeka tu, kwa kuwa kila nyuzi moja ya picha ina pikseli (nukta za picha) 20 hivi. Mstari mmoja uwe na maneno matano. Wasioweza kusoma wasikose chochote: kila kilichoandikwa kisemwe pia.

Hatua ya 6: Sauti inayojua adabu

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na pamoja nazo herufi kama s, f na sh. Tafuta msimulizi mwenye sauti nzito kidogo, anayetamka kila silabi, asiyekimbia. Msimulizi anapoongea, kelele za soko zishuke mpaka ziwe chinichini kabisa, kisha zipande tena akinyamaza. Usimsemeshe mzee wakati adhana inasikika kwenye video, iache imalizike.

Maneno yenyewe yaandike kama unayesema na baba wa rafiki yako. Sauti ianze na "Shikamoo mzee wangu," halafu inyamaze sekunde tatu. Wazee wengi wataitikia marahaba kwa sauti, na kuanzia hapo wanaisikiliza sauti ile kama mtu. Ukiendelea kuongea bila kuwaachia nafasi umeshawakosea adabu. Kwa kikundi kinachopendelea salamu ya Kiislamu, au kwa wazee wa bara wenye desturi nyingine, rekodi utangulizi tofauti; ni kazi ya nusu saa.

Maelekezo yasiwe ya kiufundi. "Elekeza rimoti kwenye menyu uchague" haimwambii kitu. "Tazama ule mlango wenye misumari ya shaba, uutazame tu" inaeleweka. Na lahaja ifuate mtu: mzee wa Mombasa, wa Unguja na wa Lubumbashi hawatumii Kiswahili kimoja, na sauti ya kwao huwatuliza haraka. Hata kwa Wazanzibari wanaozeekea Muscat, sauti ya Kiunguja ni sehemu kubwa ya safari.

Hatua ya 7: Kitufe kimoja, au pasiwe na kitufe

Mkono unaotetemeka hauwezi kulenga mwanga mwembamba wa rimoti. Njia bora ni kutazama: mzee akielekeza uso kwenye kitu kwa sekunde mbili, duara linajaa polepole mbele yake, kisha mahali panabadilika. Kitu cha kutazamwa kiwe na upana wa sentimita 20 walau kikiwa mita mbili, na viwili vilivyo jirani viachane kwa nafasi kubwa. Akiugeuza uso, duara lirudi sifuri bila kulalamika.

Ukilazimika kutumia rimoti, fanya vitufe vyake vyote viwe na kazi ileile moja. Mzee akibana popote, iwe sahihi. Kila kitu kifanyike kwa mkono mmoja, wowote ule. Usiweke muda wa kuisha, usiweke alama za kushindwa. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti, lilichapisha mwaka 2021 orodha ya mahitaji ya ufikivu (kutumika na watu wote, hata wenye ulemavu) kwa teknolojia za aina hii, na ukiisoma utaona mengi yake yanarudi kwenye jambo hilo: mpe mtu zaidi ya njia moja ya kufanya kila kitu.

Hatua ya 8: Mtengenezee msaidizi zana zake

Msaidizi aone anachokiona mzee. Quest inaweza kurusha picha kwenye simu au televisheni, na hilo peke yake linageuza kikao kuwa mazungumzo: "Bibi, huyo mwenye kanga nyekundu anauza nini?" Ukiweza kuunda programu ndogo ya simu, iwe na vitufe vitatu vikubwa: simamisha, rudia, toka. Kitufe cha kutoka kisimtupe mzee kwenye menyu ya kifaa. Kifungue kamera za nje ili aone chumba chake na uso anaoujua.

Mwandikie msaidizi karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Sharti la kwanza ndani yake: sema kabla ya kugusa. Mtu asiyekuona, ukimshika ghafla, moyo unampasuka. "Mzee, nakushika bega la kulia" kwanza, mkono baadaye. La pili: kaa upande mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, ili ajue sauti yako iko wapi.

Hatua ya 9: Kumvalisha

Kifaa kianze mikononi mwake. Akipapase, akigeuze, aone mjukuu akikivaa na picha ikitokea kwenye televisheni. Mkubaliane ishara ya kuacha: kuinua mkono, au kusema "basi". Akisema basi, kinatoka wakati huohuo, bila "subiri kidogo, kuna kitu kizuri kinakuja".

Kumgusa mzee kichwani si jambo dogo. Omba ruhusa, na kwa mama mwenye hijabu au buibui msaidizi awe mwanamke. Mtandio mwepesi unaweza kubaki, mkanda ukapita juu yake. Kilemba au kofia ngumu mwenyewe ataivua akipenda. Muombe aishike miwani kwa mikono miwili na kuisogeza machoni yeye mwenyewe, kisha wewe ushushe mkanda kisogoni na kukaza taratibu, ukiuliza. Picha ya kwanza iwe tulivu: baraza tupu, mtaa mtupu, ndege.

Sasa rekebisha mbele na kimo. Wabunifu huruka hapa, na wazee wengi wana kibiongo: shingo imeinama, na "mbele" yao ni chini ya "mbele" ya kifaa. Programu isimlazimishe kunyanyua kichwa. Muombe atazame anavyotazama siku zote akiwa amestarehe, kisha msaidizi abonyeze kuweka mbele, na mandhari yote yashuke kufuata macho yake. Ukifanya hivi unamwondolea maumivu ya shingo ambayo asingekutajia.

Kikao cha kwanza kisizidi dakika tatu hadi tano, hata kama anaomba zaidi. Cha pili kinaweza kufika nane. Zaidi ya robo saa sioni faida.

Hatua ya 10: Pima, na umtoe vizuri

Mwaka 1993 mtafiti Kennedy na wenzake walitunga dodoso la dalili 16 za ugonjwa wa viigizo, yaani kuchafukwa kunakoletwa na mashine za kuigiza safari, kila dalili ikipewa alama 0 hadi 3, na bado ndilo linalotumika sana. Huhitaji zote. Kabla na baada ya kikao uliza kuhusu kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma, macho kuchoka na jasho. Kuuliza kabla ni lazima, maana huenda kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Usiridhike na "sijambo". Wazee wetu husema sijambo hata wakiwa na homa. Tazama mikono inayoshika kiti kwa nguvu, uso unaokunja, ukimya wa ghafla.

Video ikiisha, picha ififie, sauti imuage, na msaidizi amwambie yuko wapi kabla ya kuvua: "Uko nyumbani kwako, mzee, mimi niko kulia kwako." Avue, akae dakika tano na maji ya kunywa kabla ya kusimama, hasa anayetumia dawa za presha. Hizo dakika tano ndizo anazosimulia. Atataja majina ya mitaa, ya maduka, ya watu. Akilia, usikimbilie kumnyamazisha. Muulize kama angependa kuongea au kukaa kimya. Akikuruhusu kurekodi simulizi hizo, ziandikie ridhaa yake peke yake, mbali na ile ya kuvaa kifaa. Kumbuka pia kwamba miwani hukusanya data za mwendo wa kichwa na mikono. Zima ushirikishaji wa data kwenye mipangilio kabla ya kumkabidhi mtu.

Ukirudi kwenye kuhariri, badilisha jambo moja kwa wakati, kisha wapelekee wazee walewale. Mmoja akishindwa mahali fulani, irekebishe sehemu hiyo. Wengine nao walikwama hapohapo wakanyamaza.

Futa sehemu inayogusa uso kila baada ya mtu, na lenzi kwa kitambaa laini kikavu, bila spiriti. Kisha irudishe kwenye boksi lake. Usiiache dirishani wala uani hata dakika chache: jua likipita kwenye zile lenzi huunguza skrini ya ndani, na doa lake halitoki.